Kuaminika kwa Bastola, Kuaminika kwa Mtu



Katika somo letu la mnyambuliko wa vitenzi tulikichambua kitenzi *amini*. Tuliona kwamba mtu huamini, huaminiwa, huaminika na huaminisha. Tukaziongeza nomino zake: imani, uaminifu, amana. Baadhi yenu mlishangaa nilipowaambia kwamba hata neno amani limetokana na mzizi huohuo wa Kiarabu. Leo nataka tukae na umbo moja tu, *aminika*, ambalo liko katika kauli ya kutendeka. Kinachoaminika ni kile ambacho kimekwisha kuonyesha, mbele ya mashahidi na zaidi ya mara moja, kwamba kinastahili kuaminiwa. Umbo hilo lilinishughulisha kwa wiki saba mwaka 2023, nilipokwenda Texas, Marekani, kumtembelea dada yangu aliyekuwa amejifungua. Kitu kilichohitaji kuaminika nyumbani mwao kilikuwa bastola.

Najua kwamba neno hilo likitoka kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda huamsha kumbukumbu mbaya. Babu zetu wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari wa King's African Rifles, kisha kikaendelea kuwa lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wako wazee ambao hadi leo wakisikia amri kwa Kiswahili hutazama kwanza mikono ya msemaji. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo ninyi ni kizazi kinachojifunza darasani lugha ambayo wazazi wenu waliisikia nyuma ya mtutu. Ni haki yenu kuweza kuizungumzia bunduki kwa lugha hiyohiyo, kwa utulivu na kwa maneno sahihi.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mzaliwa wa Bukavu. Alivuka mpaka akiwa kijana, akaishi miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na huko ndiko alikoonana na dada aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi. Walihamia Texas pamoja, wakapata uraia, wakafungua duka dogo la vyakula vya kwetu: unga wa muhogo, sombe, mawese, dagaa na samaki wakavu. Usiku mmoja, miezi minne kabla sijafika, vijana wawili walimngoja kati ya mlango wa duka na gari lake, wakamwekea silaha shingoni, wakachukua mauzo ya siku tatu. Habari hizi nilizipata kwa dada. Shemeji mwenyewe alinieleza jambo moja tu: aliutambua mlio wa bunduki ikikokiwa kabla hajawaona wenye kuishika, kama alivyoutambua utotoni.

Akanunua bastola. Sheria ya huko haikumwekea vikwazo vingi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas humruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, ambaye hakuzuiwa na sheria kumiliki silaha, kubeba bastola bila kibali cha jimbo. Ikiwa inaonekana, sharti iwe ndani ya ala. Nyuma ya sheria hiyo yako Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2008 kwamba yanalinda haki ya mtu binafsi ya kuwa na silaha nyumbani, na mwaka 2022 ikaamua kwamba yanalinda pia haki ya kuibeba nje ya nyumba kwa kujilinda. Basi serikali haikumuuliza shemeji kama amejifunza kuitumia. Aliyemuuliza ni mkewe.

Dada alikubali bastola iingie nyumbani kwa masharti mawili. La kwanza, ilazwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kwa sababu watoto walikuwa watatu na wa pili anapenda kufungua kila mtoto wa meza. La pili, isibebwe hata siku moja kabla haijajaribiwa, na anayeandika matokeo asiwe mwenye kuipiga. Dada ni muuguzi. Hakiamini kifaa kwa sababu ni kipya au kwa sababu mwuzaji amekisifu. Hukiwasha, hukipima, huandika. Karani wa majaribio nikawa mimi.

"Mwalimu," shemeji aliniambia tukielekea uwanja wa shabaha Jumamosi ya kwanza, "wewe andika ulichokiona. Nikikwambia haikukwama na wewe umeona imekwama, amini macho yako."

Kabla sijaeleza tulichokiona, ni vyema muelewe namna chombo hicho kinavyofanya kazi, kwani asiyejua kazi ya chombo hawezi kujua kama kimeshindwa. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoruka. Kifyatulio kikivutwa, pini huigonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi hukisukuma kichwa kupitia mtutu. Teke la mlipuko huohuo huirudisha nyuma sehemu ya juu ya bastola, ile inayoteleza, nayo hulitupa nje ganda tupu. Kisha springi huisukuma mbele tena, na ikirudi huichota risasi nyingine kutoka katika magazini, yaani kisanduku cha risasi kilichomo ndani ya mpini. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Katika bastola kubwa sehemu hiyo ya juu ni ndefu na nzito; ina safari ya kutosha. Katika bastola ndogo, ambayo imepunguzwa ili ifichike chini ya shati, safari ni fupi, springi ni ngumu zaidi, na risasi inayofuata ina nafasi ndogo ya kupanda mahali pake kwa wakati. Ndiyo maana bastola ndogo, hata ikiwa imeundwa vizuri, huchagua zaidi kuliko kubwa. Huchagua aina ya risasi, huchagua usafi na mafuta, na huchagua mkono unaoishika. Mwenye kuinunua kwa ajili ya udogo wake anapaswa kuijaribu zaidi kuliko mwenye bastola kubwa.

Shemeji alianza nyumbani. Alihakikisha haina risasi, akachungulia chemba kwa jicho, akaipapasa kwa kidole, akanitaka nami nichungulie. Akaifungua kama kitabu cha maelekezo kilivyosema, akafuta grisi ya kiwandani, akaipaka mafuta kidogo. Bastola ilikuja na magazini mbili, kila moja ya risasi 10. Akaziandika kwa wino mweupe, moja na mbili. Nilimwuliza sababu. Akasema kwamba chombo kikikwama, lawama inaweza kuwa ya bastola, ya magazini, ya risasi au ya mkono. Asiyetia alama hawezi kujua amlaumu nani. Nikakumbuka jinsi tunavyosahihisha insha: kosa lisipobainishwa kama ni la tahajia, la sarufi au la hoja, mwanafunzi hulirudia.

Uwanjani kila mtu huziba masikio na kuvaa miwani ya kinga. Msimamizi wa uwanja, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alitusomea kanuni nne ambazo wapigaji wengi wa Marekani wamezipokea kutoka kwa Jeff Cooper, mwanajeshi aliyegeuka mwalimu wa bastola. Kila silaha ichukuliwe kuwa imejaa risasi. Mtutu usielekezwe kamwe mahali ambapo hauko tayari kupaharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umekwisha kulenga. Na mpigaji ajue shabaha yake ni nini na nyuma yake kuna nini. Nawaomba mzikariri kanuni hizi hata kama hamtaigusa silaha maishani mwenu, kwa maana kila siku mnapita mbele ya mabenki na maduka yenye walinzi wenye bunduki, nanyi mna haki ya kujua wanapaswa kuzishika vipi.

Shabaha ya karatasi ilitundikwa yadi 7 mbele yetu, yaani karibu mita 6 na nusu. Jumamosi ile shemeji alipiga risasi 100 za kawaida, zenye kichwa cha mviringo. Daftari langu linaonyesha hitilafu mbili, katika risasi ya 14 na ya 41. Zote zilifanana: sehemu ya juu haikurudi mbele kikamilifu, ikasimama kama mlango ambao haukufungwa vizuri. Kuanzia ya 42 hadi ya 100 haikutokea tena. Msimamizi alisema kwamba springi mpya huwa ngumu na vyuma vipya huhitaji kusuguana kwanza. Shemeji hakutosheka na maelezo hayo. Alitaka kuona kama hitilafu itarudi.

Jumamosi ya pili alipiga mia nyingine. Kwa mikono miwili, hapakuwa na tatizo. Kisha akapiga kwa mkono wa kulia peke yake, halafu wa kushoto peke yake, kwa sababu mtu anayevamiwa huenda ameshika funguo, au mtoto, au amejeruhiwa. Risasi ya tatu ya mkono wa kushoto ikakwama. Ganda tupu lilibanwa wima mlangoni pa kutokea, likichungulia kama bomba la moshi juu ya paa. Safari hii bastola haikuwa na lawama. Kifundo cha mkono kilikuwa kimelegea. Sehemu ya juu huhitaji mpini uliotulia ili irudi nyuma kwa nguvu yake yote. Mkono ukienda nayo, nguvu hupotea njiani. Shemeji alikaza kifundo, akarudia mara 20, na ganda halikukwama tena.

Jumamosi ya tatu zikaja risasi za kubeba. Watu wanaobeba bastola kwa kujilinda Marekani kwa kawaida hutumia risasi zenye tundu kichwani. Kichwa hicho hutanuka kinapoingia mwilini, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kitoke upande wa pili na kumpiga asiyehusika. Umbo lake, hata hivyo, ni butu, na baadhi ya bastola ndogo hulikataa. Katika kasha la kwanza la risasi 20, mbili ziligonga ukingo wa njia ya kuingilia chemba zikasimama hapo. Zote mbili zilitoka katika magazini ya pili. Hapa ndipo wino mweupe ulipofanya kazi yake. Shemeji aliweka risasi za aina ileile katika magazini ya kwanza. Moja ikakwama vilevile. Kwa hiyo magazini haikuwa na hatia. Zilizoshindana na bastola zilikuwa risasi. Akanunua aina nyingine, ghali kidogo, yenye pua ya mviringo zaidi. Makasha matatu, risasi 60, zikapita zote.

Aliyeniridhisha zaidi ni yeye alipochukua daftari, akapiga mstari chini ya ukurasa, na kuandika sifuri. "Yote yaliyopita yalikuwa ya kututafutia ugonjwa," alisema. "Sasa ndiyo tunapima kama umepona." Jumamosi ya nne alipiga risasi 200 kwa hesabu mpya: 140 za kawaida na 60 za kubeba, bila kuisafisha bastola katikati. Hazikuwa na hitilafu hata moja. Wapigaji wengi huko huichukua idadi hiyo kama kipimo cha kutosha, nao wasimamizi walimpongeza.

Mimi, kwa tabia mbaya ya ualimu, nilikuwa na swali. Je, mara 200 bila kosa zinathibitisha nini? Mwenzangu wa hisabati shuleni alinifundisha zamani kanuni nyepesi iitwayo kanuni ya tatu. Kama umejaribu jambo mara kadhaa na halikushindwa hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Jibu ni kiwango cha juu cha kushindwa ambacho bado huwezi kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Tatu kwa 200 ni asilimia 1.5. Maana yake ni kwamba bastola iliyopita mtihani ule kwa alama zote bado ingeweza kuwa na kasoro ya risasi moja katika kila 67. Na kama kasoro ingekuwa kubwa kiasi hicho, uwezekano wa kukwama angalau mara moja ndani ya magazini moja ya risasi 10 ungekuwa karibu asilimia 14. Ili kudai kwa uhakika uleule kwamba haishindwi zaidi ya mara moja katika 1,000, ingebidi kupiga risasi 3,000 bila kosa, yaani makasha 60 ya risasi 50 kila moja.

Nilimwonyesha shemeji hesabu hiyo jikoni. Aliitazama kwa muda, akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, hatujui."

"Tunajua zaidi ya tulivyojua mwezi uliopita," nilimjibu. "Tunajua pia kiasi cha tusichokijua."

Akacheka, akanunua risasi zaidi. Hadi naondoka alikuwa amefikisha 600 bila kukwama, ambazo kwa kanuni ileile hushusha kiwango hadi nusu asilimia. Akajifunza pia kuondoa mkwamo bila kutazama: kupiga kitako cha magazini kwa kiganja, kuivuta sehemu ya juu nyuma na kuiachia, kisha kutathmini upya. Alielewa kwamba kuaminika hakuna kilele. Kuna ngazi, na kila mtu huchagua asimame kwenye ngazi gani kulingana na uzito wa jambo.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningewaandikia insha kuhusu uangalifu. Lakini wiki ya sita, usiku, tulikuwa tumefunga duka. Mimi nilikuwa kiti cha abiria, shemeji akiwa ndiyo kwanza anaingia nyuma ya usukani, bastola kiunoni ndani ya ala. Mtu akatokea gizani mbio, akagonga kioo cha upande wake kwa kiganja, kwa nguvu. Niliuona mkono wa shemeji ukiingia chini ya shati. Niliyaona mabega yake yakipanda. Mtu yule alikuwa amevaa kofia ya jaketi iliyofunika uso nusu, na mkono wake mmoja haukuonekana.

"Papa, samahani!" alisema. "Simu yangu imebaki dukani."

Alikuwa kijana wa Kirundi, mteja wa kila Ijumaa. Mkono wa shemeji ulitoka chini ya shati ukiwa mtupu. Alishuka, akafungua duka, akaitafuta simu kati ya magunia, akampa, akamsalimia mama yake. Kijana hakujua lolote. Njia nzima ya kurudi nyumbani hatukusema neno. Tulipofika, shemeji aliiweka bastola sandukuni, akafunga kufuli, akakaa sakafuni kando ya sanduku.

"Chombo kile sasa hakikwami, Mwalimu," alisema. "Tumehakikisha wenyewe."

Tangu siku hiyo nimeyafikiria sana maneno hayo. Bastola inayokwama ina hatari yake, nayo ni kubwa: humwacha mwenyewe bila kinga wakati anaihitaji. Ile isiyokwama nayo ina hatari yake. Haimpi mwenyewe nafasi ya kufikiri mara ya pili. Kila hitilafu tuliyoiondoa kwa Jumamosi zile nne tulikuwa tumeihamisha kutoka kwenye chuma na kuiweka mabegani mwa mtu. Springi, magazini na risasi zilikuwa zimefaulu. Kilichobaki bila kupimwa kilikuwa macho ya shemeji gizani, moyo wake unaokumbuka Bukavu, na sekunde moja kati ya kugongwa kwa kioo na neno "Papa". Kanuni ya nne ya uwanjani, ile ya kujua shabaha yako ni nini, haikuwahi kuandikwa katika daftari langu, kwa sababu karatasi iliyotundikwa yadi 7 haikugongi kioo wala haina mama.

Hakuitupa bastola, nami sikumshauri aitupe. Mtu aliyewekewa silaha shingoni ana haki ya kuogopa, na hofu yake haikuwa ya kubuni. Alilofanya ni kujiweka mwenyewe katika mizani aliyoiwekea bastola. Alijiandikisha kwa hiari katika mafunzo ya kibali cha kubeba, ambacho Texas bado hukitoa kwa anayekitaka. Humo kuna somo la sheria na mtihani wa kupiga risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15. Alimtafuta mwalimu wa kumfundisha kutambua kabla ya kuchomoa. Akabadilisha pia mambo ambayo hayahitaji baruti: gari linaegeshwa mbele ya mlango, chini ya taa mpya; fedha hupelekwa benki kila mchana; duka hufungwa na watu wawili. Dada anaamini kwamba taa ile ina faida kuliko bastola. Shemeji anaamini kwamba anahitaji vyote viwili. Walikuwa wakibishana hivyo nilipopanda ndege, na sidhani wamemaliza.

Sasa turudi kwetu, maana blogu hii ni ya uraia. Hapa Uganda Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka raia awe na cheti kabla ya kumiliki silaha, na serikali hujipa haki ya kuuliza kama mwombaji anafaa. Mwaka 2004 nchi yetu, pamoja na majirani, ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na silaha nyepesi, ambayo inazitaka nchi wanachama kuzuia umiliki wa kiholela wa silaha ndogo mikononi mwa raia na kuzitia silaha alama ili ziweze kufuatiliwa. Msingi wa sheria zetu ni kwamba mtu apimwe kwanza, silaha ifuate. Msingi wa Texas ni kwamba haki ni ya mtu, na kujipima ni jukumu lake mwenyewe. Mwanafunzi wa uraia asikimbilie kuicheka njia ya wenzetu. Ajiulize kwanza kama njia yetu inafanya kinachoandikwa. Cheti kilichotolewa bila mwombaji kupimwa ni karatasi tu, sawa na bastola iliyosifiwa dukani bila kupigwa.

Fikirieni mlinzi aliye mbele ya duka kubwa hapa Mbarara, mwenye bunduki ndefu begani tangu jioni hadi alfajiri. Je, bunduki ile ilijaribiwa lini? Na yeye mwenyewe? Amelala? Amelipwa? Ana mtu wa kumwambia kwamba leo hajisikii vizuri kushika silaha? Maswali haya si ya kumdharau. Ni yale aliyouliza dada kuhusu kifaa kilichoingia nyumbani mwake, na raia ana haki ya kuyauliza kuhusu kila silaha inayolinda mahali pa umma, awe anayeishika ni mlinzi, askari au jirani.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mimi nawapa kazi ya wiki hii. Andikeni aya mbili kwa Kiswahili sanifu mkitumia angalau maneno matano kutoka katika mzizi wa *amini*. Aya ya kwanza ieleze chombo chochote mnachokitegemea, iwe pikipiki, jiko la gesi au pampu ya maji, na namna mnavyoweza kuthibitisha kwamba kinaaminika: mtakijaribu mara ngapi, katika hali gani, na nani ataandika matokeo. Aya ya pili imweleze mtu mnayemkabidhi chombo hicho, na mtihani ambao mngetaka aufaulu kabla ya kukishika. Mkiona aya ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, msiikatishe. Leteni Jumatatu tuzisome pamoja.